Barua ya wazi kwa wanaonunua programu za ushirika na halmashauri za Mtwara na Lindi: wekeni tarehe ya mwisho

Kwa wenyeviti na mameneja wa vyama vikuu vya ushirika, wakurugenzi wa halmashauri na wakuu wa vitengo vya TEHAMA, mikoa ya Mtwara na Lindi.

Ndugu viongozi,

Salaam. Ninawaandikia kuhusu uamuzi ambao wengi wenu mko nao mezani sasa hivi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo inataka kompyuta yenye chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Kompyuta nyingi ninazokutana nazo kwenye ofisi za vyama vya msingi na za kata ni za mtumba, hazina sifa hizo, na hakuna chama kitakachozibadilisha zote kwa mkupuo huku mkulima akiuliza salfa ya mikorosho imefika lini. Ndiyo maana ushauri unaozunguka ni huu: ziwekewe Linux, mfumo endeshi (programu kuu inayoiendesha kompyuta, kama Windows) usio na ada ya leseni, halafu zile programu za zamani za Windows ziendelee kutumika humo humo kwa kupitia Wine.

Ushauri huo ni mzuri. Mimi ni fundi kompyuta hapa Mtwara na nimekuwa nikiutoa mwenyewe. Ila una nusu ya pili ambayo haisemwi, na hiyo nusu ya pili ndiyo itakayoamua kama baada ya miaka mitano tutakuwa na programu zetu au tutakuwa bado tunabembeleza za watu wengine zikubali kufunguka.

Kwa asiyeijua Wine, nieleze kidogo. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows ikitaka kufungua faili, kuchora dirisha au kupeleka karatasi kwenye printa, huwa inaiomba Windows. Wine hulipokea ombi hilo na kulitimiza kwa kutumia Linux, na programu haijui kwamba Windows haipo. Tuiite tabaka patanishi, kwa sababu inakaa katikati na kuzipatanisha pande mbili zisizoelewana. Kazi hiyo ilianza mwaka 1993, na toleo namba 1.0 lilitoka Juni 2008. Hiyo ni miaka 15 ya watu kuandika upya, kipande kwa kipande, tabia za mfumo ambao mwenyewe hakuwapa siri zake. Alexandre Julliard ameiongoza tangu 1994 mpaka leo. Nawaheshimu sana watu hawa. Kuna ofisi zinafanya kazi leo kwa sababu yao tu.

Lakini tangu zamani kumekuwa na hoja inayowafuata, nayo ni nzito: je, tabaka la namna hii haliwafanyi waandishi wa programu wabweteke? Kama programu ya Windows inafunguka kwenye Linux bila mwandishi kugusa chochote, kwa nini ahangaike kuandika nyingine iliyo ya Linux yenyewe?

Yapo yaliyokwisha kutokea duniani, na yanajibu swali hili vizuri kuliko mabishano.

IBM walitoa mfumo endeshi wao wa OS/2 toleo 2.0 mwaka 1992. Ulikuwa mfumo imara, na waliunadi kwa kusema unaendesha programu za Windows vizuri kuliko Windows yenyewe. Kwa mnunuzi ilikuwa habari njema. Kwa kampuni inayoandika programu ilikuwa habari njema zaidi: iandike mara moja, kwa ajili ya Windows, na watumiaji wa OS/2 watajitegemea. Programu zilizoandikwa mahsusi kwa OS/2 zikabaki chache. Kisha Agosti 1995 ikaja Windows 95, programu mpya zikaanza kuandikwa kwa namna ambayo tabaka la OS/2 halikuweza kuifuata ipasavyo, na aliyekuwa ameegemea uwezo wa kuendesha programu za jirani akajikuta hana zake. IBM walifunga msaada wa OS/2 mwishoni mwa 2006. Sisemi kwamba tabaka peke yake ndilo lililoiangusha OS/2, maana Microsoft walikuwa na nguvu kubwa sokoni na kompyuta mpya zilikuja na Windows ndani. Ila kwa habari ya waandishi wa programu, IBM waliwapa sababu ya kutokuja, na wao hawakuja.

Sasa tazameni upande mwingine. Mwaka 2006 Apple walianza kuuza kompyuta za Mac zenye prosesa za Intel, wakiachana na zile za PowerPC. Programu za zamani zisingefanya kazi kabisa, kwa hiyo wakaweka tabaka lililoitwa Rosetta. Tofauti yao na IBM ni kwamba Rosetta iliwekwa kama kitu cha kupita. Waandishi wa programu walielewa hivyo tangu mwanzo, na wakubwa kama Adobe walikuwa wameshaleta matoleo mapya kufikia 2007. Mwaka 2011 Rosetta iliondolewa kabisa. Walipohama tena mwaka 2020 kwenda kwenye prosesa zao wenyewe walileta Rosetta 2, na mwaka 2025 wakatangaza inapoishia. Waandishi hawakuvunjika moyo, kwa sababu saa ilikuwa inakwenda na kila mtu anaiona.

Hata hapo kuna aliyeumia, na kisa chake kinatuhusu sana sisi wa mahesabu. Programu ya hesabu iitwayo Quicken, toleo la 2007 la Mac, ilikuwa bado ni ya PowerPC. Rosetta ilipoondoka, watu waliokuwa na kumbukumbu za fedha za miaka mingi humo ndani walikwama. Ilibidi Intuit, wenye Quicken, watoe toleo lililorekebishwa mwaka 2012. Kampuni ilikuwa na miaka mitano ya kujiandaa. Haikujiandaa, kwa sababu wateja wake hawakuwa na karatasi yoyote ya kuilazimisha.

Wapenzi wa michezo ya kompyuta watanikumbusha Proton, na ni haki yao. Valve, kampuni yenye duka la michezo la Steam, waliitoa mwaka 2018 juu ya msingi wa Wine ili michezo ya Windows ichezeke kwenye Linux, na mwaka 2022 wakauza kifaa chao cha mkononi, Steam Deck, kinachoitegemea. Ni kweli studio nyingi siku hizi hazihangaiki tena na toleo la Linux. Wanajaribu tu kama mchezo unakubali kwenye Proton, basi. Lakini wachezaji wa Linux kwenye duka la Steam walikuwa chini ya asilimia 1 mwaka 2018, na sasa wamepita asilimia 2. Valve walikuwa wameshajaribu njia ya kuwaomba waandishi waandike upya, kwa zile Steam Machines za 2015, kompyuta za michezo zilizotumia Linux, na ombi likaanguka. Wateja walikuwa wachache mno kuweza kumshurutisha mtu. Kwao Proton ilikuwa faida tupu, na mimi siwezi kumlaumu kijana anayecheza kwa njia hiyo.

Hoja yangu yote iko hapa, ndugu viongozi. Mchezaji wa Linux ni tone kwenye soko la mwenzake. Ninyi ndio soko lote. Programu ya kupokea mzigo wa korosho ghalani, kukata makato, kukumbuka deni la pembejeo na kutoa orodha ya malipo ya wakulima baada ya mnada, nani mwingine duniani anainunua? Hakuna kampuni ya Marekani inayofikiria stakabadhi ghalani. Wateja ni vyama vya Newala, Tandahimba, Masasi, Ruangwa, Nachingwea, Liwale, na wenzetu wa mazao mengine humu nchini. Mkisema inatakiwa iwe ya Linux, muuzaji ana mawili tu: aandike au aache biashara. Mkinyamaza na kuitegemea Wine, mtakuwa mmejivua nguvu ambayo wachezaji wa michezo hawajawahi kuwa nayo.

Ninavyoona mimi, tabaka patanishi huwa linanyamazisha lalamiko la mnunuzi, na lalamiko hilo ndilo linalomfanya mwandishi wa programu akae chini aandike. Programu isipofunguka kabisa, meneja atapiga simu, bodi itahoji, malipo yatazuiwa. Ikifunguka nusu, kila mtu anaishi nayo. Karani anajifunza kwamba ukibonyeza kitufe kile mara mbili inajifunga. Mwakani anamfundisha karani mwenzake hivyo hivyo, na hakuna aliyeandika barua.

Nimeliona hili kwenye chama kimoja cha msingi huku kwetu, ambacho sitakitaja, kama nisivyotaja kampuni iliyowauzia programu. Walihamia Linux kwa nia njema. Programu yao ilikuwa inafunguliwa kwa kifaa kidogo cha USB ambacho ndicho leseni: ukikichomoa, inakataa. Sasa, kifaa cha namna hiyo mara nyingi kinategemea dreva, yaani programu ndogo ya kuendesha kifaa, inayofanya kazi ndani kabisa ya kiini cha Windows, na huko Wine haifiki. Inaweza kupatanisha programu, haiwezi kupokea dreva za vifaa. Shida ni ile ile kwa visomaji vingi vya alama za vidole. Mizani iliyounganishwa kwa waya wa kawaida wa serial ilikubali bila taabu, kwa kuwa hiyo Wine inaijua. Lakini leseni iligoma. Ikabidi kompyuta moja ibaki na Windows 10 isiyopata tena marekebisho ya usalama, na hiyo ndiyo yenye fedha zote za wakulima.

Zile nyingine zilizobaki zilikuwa za kuangalia ripoti tu. Katikati ya msimu kampuni ikaleta toleo jipya, na orodha ya malipo ikaanza kutoka kwenye printa ikiwa na safu moja pungufu. Karani alipopiga simu aliambiwa: sisi tunauza programu ya Windows, hayo ya Linux ni yenu. Kwa mujibu wa mkataba walikuwa sahihi. Wanaotengeneza Wine nao hawana mkataba na mtu yeyote, wanatoa kazi yao bure na bila dhamana, na wana haki hiyo. Kwa hiyo kulikuwa na hitilafu kwenye orodha ya fedha za watu na hakukuwa na hata mmoja duniani anayewajibika nayo. Wakulima walisubiri. Orodha ikaandikwa kwa mkono.

Mtaniambia: siku hizi si kila kitu kiko kwenye mtandao? MUVU ya vyama vya ushirika inafunguliwa kwenye kivinjari, TAUSI ya mapato ya halmashauri vivyo hivyo, na kivinjari hakijali kama chini yake kuna Windows au Linux. Ni kweli, na kwa mambo mengi hiyo ndiyo njia sahihi. Kivinjari nacho ni aina ya tabaka, tena lililofanikiwa kuliko yote. Lakini kumbukeni Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi Kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara ya kuja Kusini maeneo ya Kilwa, na tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Kwa siku kadhaa mtandao ulikuwa wa kubahatisha, na muda mfupi kabla ya hapo hata fundi wa Dar es Salaam asingefika kwa basi. Ilikuwa Mei, wakati wa ufuta, na mwaka wowote inaweza kuwa Novemba, korosho zikiwa zimejaa ghalani. Kazi ya mizani na stakabadhi lazima iwezekane kwenye kompyuta iliyopo mezani, halafu ipeleke taarifa mtandao ukirudi. Kwa kazi hiyo bado tunahitaji programu inayokaa kwenye mashine yenyewe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wine tuipokee kama mgeni. Kwa programu ambayo mwandishi wake hayupo tena, kampuni imefungwa, na ndani yake kuna hesabu za misimu ya nyuma, Wine iendelee kuwepo hata milele, maana hakuna mwingine wa kuifungua. Kwa programu yoyote tunayoilipia leo, ipewe misimu miwili.

Maneno ninayoomba yaingie kwenye kila mkataba mpya ni machache:

"Programu itafanya kazi moja kwa moja kwenye mfumo endeshi unaotumika katika ofisi za mnunuzi, bila kuhitaji tabaka patanishi. Endapo tabaka la aina hiyo litatumika katika kipindi cha mpito, kipindi hicho hakitazidi misimu miwili ya mauzo, na ndani yake muuzaji atawajibika kwa hitilafu zote, zikiwemo zinazotokana na tabaka hilo. Muuzaji atairekebisha programu kila mfumo endeshi utakapopandishwa toleo, katika muda wote wa mkataba. Nakala ya msimbo wa programu na maelezo ya jinsi taarifa zinavyohifadhiwa vitakabidhiwa kwa mnunuzi."

Sentensi ya tatu nimeiweka kwa makusudi, na wanasheria wenu wasiifute. Programu asilia, yaani iliyoandikwa kwa Linux yenyewe, ikitelekezwa nayo huoza. Kwenye Linux maktaba za mfumo, yaani vipande vya pamoja ambavyo programu huvitegemea, hubadilika, na iko michezo ya zamani iliyoandikwa kwa Linux kabisa ambayo leo haifunguki, ilhali toleo lake la Windows linafunguka vizuri kupitia Proton. Wanaotetea matabaka huutumia mfano huo, na wana haki ya kuutumia. Mtu akiandika mara moja akaondoka, hatujapata kitu. Tunachonunua ni programu pamoja na mtu wa kuitunza.

Wauzaji watalia kwamba ni gharama. Sikubaliani nao moja kwa moja. Tangu 2016 Microsoft wenyewe wanatoa .NET, msingi wao wa kuandikia programu, inayofanya kazi kwenye Linux, kwa hiyo aliyeandika mahesabu yake kwa lugha ya C# hatupi kazi yake yote. Atakachoandika upya hasa ni madirisha, ripoti na sehemu zinazogusa vifaa. Zipo zana kama Qt na Lazarus zinazomwezesha mtu kuandika programu moja na kuitoa kwa mifumo yote miwili. Gharama ipo, sitaificha, na itaonekana kwenye bei. Lakini linganisheni na gharama ya kubaki kwenye ile kompyuta moja isiyopata marekebisho, yenye orodha ya kila mkulima na namba yake ya akaunti ya benki.

Na msiseme hakuna watu wa kuandika. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili zilizofanya kazi kwenye Windows na kwenye Linux pia. Ni zaidi ya miaka 20 iliyopita, wakati kompyuta zilikuwa chache na intaneti ilikuwa ya kusubiri. Ilitokea kwa sababu kuna mahali mtu aliamua na akaweka fedha. Hapa Mtwara na Lindi tuna vyuo vya VETA, tuna Stella Maris, na tuna vijana wanaojifunza kuandika programu kwa simu zao usiku bando zikiwa nafuu. Nimekaa nao. Wanaijua korosho kuliko kampuni yoyote ya mjini, kwa sababu wamebeba magunia yake. Kinachowakosesha kazi ni kwamba zabuni zote zinaandikwa kwa kudhani Windows ndiyo sakafu na Wine ndiyo zulia la kuficha nyufa. Kijana akija na programu yake ya Linux anaulizwa kwa nini haifanani na ile tuliyoizoea. Hapo ndipo moyo wake unapovunjika, na hapo aliyemvunja ni mwandishi wa zabuni.

Ninayo maombi mahususi. Vyama vikuu viwaagize mameneja wa vyama vya msingi kuorodhesha kila programu inayotumika kupitia Wine, nani aliiuza, mkataba unaisha lini na tarehe ya mwisho ya tabaka ni ipi. Karatasi moja inatosha. Halmashauri, kwa kuwa miradi yenu ya TEHAMA iko chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, pelekeni kifungu hicho kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao mpate maoni yao kabla hamjasaini kingine. Vyama vya ushirika havihitaji kusubiri mtu: mkutano mkuu una mamlaka ya kukipitisha, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika haina sababu ya kukikataa. Wakulima waliomo kwenye mkutano huo wakielezwa kwamba ndicho kinachoamua nani atajibu orodha ya malipo ikikosewa, watakielewa bila kujua Linux ni nini.

Mikataba ya msimu ujao wa korosho itasainiwa kabla ya Oktoba. Kifungu kiingizwe humo, na pale ambapo kampuni itakataa kukisaini, jina la programu na sababu ya kukataa visomwe mbele ya wanachama.

Wenu katika kazi,
Fundi kompyuta, Mtwara